Ruta Iliyopiga Simu Kwenye Posa Yangu

Watu wengi wakiaibika wanakuwa hapo hapo, wanaona macho ya watu, wanajua hapa nimeumbuka, wanainamisha kichwa na kuondoka zao. Mimi yangu haikuwa hivyo, na ndiyo maana nimekaa nayo miaka yote hii bila kuisimulia mbele ya mafundi wenzangu (mkitaka kucheka chekeni, ila msimfikishie aliyenifundisha kazi). Mimi nilikuwa Handeni, aibu yangu ilikuwa Korogwe, na kila ilipotaka kupoa niliichochea mwenyewe, kwa mikono yangu, nikiwa na furaha kabisa na nikidhani nachapa kazi.

Ngoja nianze taratibu, maana bila kuijua kazi yenyewe hamtaijua aibu.

Wakati ule ndiyo soko huria limechangamka, ushirika umelala, na kila mwenye lori na mzani amekuwa mnunuzi wa mahindi. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa na ofisi Korogwe, pale Manundu, na ghala Handeni, na meneja wetu, mtu wa kuvaa suti hata kwenye joto la Korogwe, aliamua kwamba habari za mzani wa Handeni zisiletwe tena na dereva wa lori, ziletwe na kompyuta kwa njia ya simu. Basi nikaitwa mimi, Bakari, kijana nimetoka chuo Dar najiona, nikapewa vyombo viwili vinavyoitwa ruta, kimoja nikifunge Korogwe na kingine Handeni, kila kimoja kimeungwa na modemu yake, kisanduku cha kupigia na kupokea simu, na kila modemu imechomekwa kwenye laini ya simu ya mezani. Meneja hakutaka Handeni ibebe gharama za simu, kwa hiyo ruta nilizipanga hivi: ruta ya Handeni inaipigia ya Korogwe, ya Korogwe inapokea, inauliza wewe nani na pasiwedi yako ipi, ikiridhika inakata, halafu yenyewe ndiyo inapiga kurudi Handeni, kwenye namba niliyoiandika ndani yake na si nyingine yoyote.

Niliwaeleza wafanyakazi wa ghala jambo hili kwa maneno ya chuoni, wakanitazama tu kwa heshima. Aliyeniokoa ni Mama Kijazi, mtunza ghala, mama wa makamo aliyetoka milimani Lushoto akaolewa huku bondeni, na asiyemwogopa mtu.

"Si kubipu huko, mwanangu," alisema. "Wa Handeni anabipu, wa Korogwe anapiga. Umezunguka wee."

Tangu siku hiyo kazi yote niliyosomea ikaitwa kubipu, na hata meneja akawa anauliza asubuhi, "Handeni wameshabipu?" Niliumia kidogo, lakini sikuwa na la kubisha maana ndivyo ilivyokuwa.

Sasa sikilizeni uamuzi wangu mdogo ulionimaliza. Nilipofunga ruta ya Korogwe, laini ya Handeni ilikuwa bado haijaunganishwa, na nilitaka kujua kama chombo changu kinaweza kupiga simu nje. Kilihitaji namba, namba yoyote inayoita. Ningeweza kuweka ya mezani kwa meneja, hatua chache tu kutoka nilipokaa. Lakini kichwani mwangu siku zile kulikuwa na namba moja tu, ya duka la Mzee Rajabu kule Old Korogwe, duka la vitambaa na vifaa vya kushonea, ambako mchana hukaa binti yake, Mwanaidi, na simu iko karibu na mkono wake.

Mwanaidi nilikuwa nimeshamwona. Nilikuwa nimeshanunua kwake vifungo na nyuzi za rangi zote (sikuwa na nguo hata moja ya kushona), na salamu tulikuwa tunapeana vizuri, lakini kumwambia neno la maana nilikuwa sijaweza, kwa sababu mdomo wangu ukifika mbele ya kaunta ile ulikuwa unakumbuka vifungo tu. Sasa modemu ile ilikuwa na kispika kidogo, unasikia inavyopiga na unamsikia anayepokea, ingawa yeye hakusikii wewe, anasikia mlio wa mashine. Nikaiandika namba ya dukani mahali pa namba ya Handeni, nikahifadhi, nikaiamuru ipige. Ikaita, ikapokelewa.

"Haloo? Haloo, nani mwenzangu? Mbona huongei?"

Sauti ya Mwanaidi, ofisini kwangu, inatoka kwenye kisanduku. Nilifurahi jamani, sitawadanganya. Nikairudia. Na kesho yake nikairudia tena, eti nathibitisha kwamba chombo kinafanya kazi, na kweli kilikuwa kinafanya kazi.

Laini ya Handeni ilipokuja nikabadilisha namba, nikaweka ya Handeni, tukajaribu, ikakubali mara moja, meneja akapiga makofi na tukanywa soda. Kumbe sikuhifadhi. Ruta zile zina kumbukumbu ya namna mbili: ukiibadilishia jambo inalikumbuka maadamu iko macho, lakini usipoiambia hifadhi, ikizimika na kuwaka inalisahau, inarudi kwenye lile uliloihifadhia mwanzo. Kila fundi analijua hilo, hata mimi nililijua, nilifundishwa na nikalijibu kwenye mtihani. Siku ile nilikuwa nakunywa soda.

Baada ya hapo nikaona nisijitese na kaunta. Nikamwendea mjomba wangu, Mjomba Athumani, mkulima wa Mazingara, ndugu wa mama yangu na ndiye aliyenilea, nikamwambia nimepata nyumba ya kuoa, kwa Mzee Rajabu. Akauliza umeongea na binti mwenyewe, nikasema aah, mjomba, tunasalimiana. Akanitazama, akasema basi tutakwenda. Lakini akanionya kwamba pale kuna shangazi, Bi Mwajuma, dada mkubwa wa Mzee Rajabu, na huyo asiporidhika hakuna binti anayetoka, na alishawarudisha wengine wenye mali kuliko sisi. Nilimtaka Mwanaidi kweli, si mchezo, na nilijua ile nyumba ikikataa mara moja haiulizwi mara ya pili.

Siku ya posa ikawekwa Jumamosi. Kama mjuavyo, kijana mwenyewe hakanyagi huko, anakwenda mshenga na wazee, wewe unakaa mbali na roho yako. Mimi nikaona nisikae Korogwe kabisa nisije nikajikuta nazungukazunguka mtaa wa watu, nikamwomba meneja niende Handeni kukagua vyombo. Akasema vizuri, kijana wa kazi. Asubuhi nikapanda lori, na nilipofika nikamkuta Mama Kijazi anapima mahindi ya wafugaji wawili waliokuja kununua, mvua ilikuwa imewakatalia kule kwao tambarare. Nikamsalimia shikamoo, nikakaa.

Korogwe asubuhi ile umeme ukakatika, ukarudi. Jambo la kawaida kabisa, hata hakuna aliyeniambia.

Mama Kijazi alipomaliza mzani akasema, "Haya bipu." Kompyuta ikaamriwa ipeleke. Ruta yangu ikaipigia Korogwe, nikasikia Korogwe inapokea, nikaona pasiwedi imekubaliwa, ikakata vizuri, ikawa ni kusubiri tu ipigiwe. Tukasubiri. Simu yetu kimya.

"Labda hana vocha," alisema Mama Kijazi.

Nikajaribu tena, ikapokelewa, ikakatwa, kimya. Sasa mimi nikafikiri kifundi. Korogwe inapokea, inaitambua Handeni, inakata inavyotakiwa, maana yake Korogwe ni nzima (nilisema hivyo kwa sauti, Mama Kijazi ni shahidi), kwa hiyo ubovu uko huku. Nikabadilisha waya wa simu, nikajaribu. Nikabadilisha tundu la ukutani, nikajaribu. Nikafungua modemu nikapuliza vumbi, na vumbi la Handeni mnalijua, nikapiga chafya, nikafunga, nikajaribu. Kila nikijaribu naona taa zinawaka kwa mpangilio mzuri, kila kitu sawa, isipokuwa simu ya kurudi haiji. Nikawa nimenogewa, maana fundi akikutana na tatizo lenye adabu namna ile anasahau hata njaa. Ilikuwa pia inanisahaulisha posa.

Mwisho nikafanya lile ambalo nalijutia kuliko yote. Nikasema huenda laini inakuja na kupotea, nikaiamuru ruta ijaribu yenyewe, mfululizo, ikimaliza ianze tena, nami nikatoka nje na Mama Kijazi tukanywa chai na mihogo ya kuchemsha. Mihogo ilikuwa mitamu siku ile. Nakumbuka nilimwambia Mama Kijazi kwamba muda huu wazee wangu wako ukweni wanaongea, akanitakia heri, akasema Mungu awape utulivu.

Sasa naomba niwapeleke Old Korogwe, kwa Mzee Rajabu, ambako mimi sikuwepo, na haya nimesimuliwa na mjomba, na mjomba akisimulia hapunguzi kitu.

Duka liko mbele ya nyumba, na siku za wageni likifungwa simu huvutwa kwa waya wake hadi sebuleni. Mjomba na wazee wenzake wawili wamekaa na kanzu zao, wamekaribishwa, na mjomba ameanza maneno yake, ametoka mbali, amemshukuru Mungu, ametaja undugu na ujirani, anakaribia kulitaja jina langu. Simu ikalia. Mzee Rajabu akaomba radhi, akapokea. Piii. Kimya. Piii. Kimya. Akasema haloo, haloo, akaweka mkonga chini. Mjomba, kwa desturi yake, maneno ya posa hayaungwi kama kamba iliyokatika, ukikatizwa unaanza mwanzo. Akaanza mwanzo, akamshukuru Mungu, akataja undugu na ujirani, na simu ikalia tena.

Wakaendelea hivyo. Mara Mzee Rajabu anapokea, mara mjomba anasema niachie mimi ndugu yangu, anapokea yeye, anaitolea mashine salamu ya Kiislamu kamili, mashine inamjibu piii. Mmoja wa wazee akasema ni faksi. Wakakubaliana ni faksi, ingawa hakuna aliyejua faksi inatafuta nini pale. Mjomba akaanza mwanzo kwa mara ambayo mwenyewe aliacha kuhesabu.

Bi Mwajuma alikuwa amekaa pembeni na mtandio wake. Simu ilipolia tena akanyoosha mkono akauchukua mkonga yeye, akasikiliza kwa muda mrefu, akaufunika kwa kiganja.

"Huyu si faksi," alisema. "Huyu ni mwanamke, analia kwa kwikwi."

Akawageukia wazee wangu.

"Kijana wenu yuko wapi leo?"

"Yuko Handeni, Bi Mkubwa, kikazi," mjomba akajibu.

"Handeni ana nani?"

"Hana mtu," akasema mjomba, na Bi Mwajuma akaweka mkonga chini.

Simu ikalia. Bi Mwajuma akapokea, na sasa akaongea kwa upole, kama mama na mtoto wake. "Mwanangu, usilie. Hapa umefika kwa watu wazima. Wewe sema tu, amekuzalisha?"

Piii, ikasema mashine yangu.

"Amesema ndiyo," Bi Mwajuma akawaambia, na akaanza kukunja mkeka.

Huko Handeni mimi nilikuwa nimemaliza mihogo. Nikarudi ndani, nikaona ruta bado inajaribu kwa uaminifu, nikaisimamisha, nikachomeka simu ya kawaida kwenye laini ile ili niongee na Korogwe kwa laini ya meneja. Akapokea Felista, karani wetu, dada wa watu mpole ambaye hajawahi kunijibu vibaya. Nilisikia nyuma yake watu wengi wanacheka.

"Felista, angalia modemu huko, taa zinawakaje?"

"Zinawaka vizuri. Ila hiyo mashine yako leo ina mchezo mzuri, fundi, tumekaa wote. Mbona umeikatisha?"

"Mchezo gani?"

"Wa posa. Inapiga, tunasikia kipande, inakata, inapiga tena tunasikia kipande kingine. Wakulima wamegoma kuondoka. Sasa hivi wamegundua kijana ana mwanamke Handeni amemzalisha, shangazi amechachamaa. Ni redio gani hiyo?"

Nikamwambia kwa sauti ambayo haikuwa yangu, Felista, dada yangu, soma hapo kwenye kompyuta, mashine inapiga namba gani. Akanisomea taratibu. Namba ile naijua kuliko ya kwetu, lakini nilimwacha aimalize yote, nikitumaini pengine mwishoni itageuka kuwa nyingine. Nikamuuliza umeme ulikatika leo? Akasema ndiyo, asubuhi, kwani ulikuwa hujui? Nikakaa chini kwenye gunia la mahindi. Mama Kijazi akaniuliza kuna msiba, nikamwambia hapana mama, ni mimi niliyekuwa nabipu kwenye posa yangu, na akili yake ni nyepesi, hakuhitaji maelezo, akashika mdomo.

"Piga uwaambie," alisema.

Nikapiga namba ile, kwa mkono wangu, simu ya kweli ya mtu. Akapokea Bi Mwajuma.

"Mwanangu, umeacha kulia?"

Nikakata. Najua, najua. Mama Kijazi aliniangalia jinsi ambavyo sijawahi kuangaliwa tena, akasema neno la Kishambaa ambalo sikuliuliza maana yake, akaenda mwenyewe nje kumsimamisha dereva wa lori lililokuwa linatoka kwenda Segera.

Njia yote nilisimama nyuma juu ya magunia nikiomba wazee wangu wasiondoke, na pia nikiomba wawe wameshaondoka. Segera nikarukia basi lililotoka Dar, nikashuka Korogwe, nikaenda Old Korogwe nusu natembea nusu nakimbia, vumbi kuanzia nywele hadi viatuni. Mjomba alikuwa bado yuko. Alikuwa amekataa kunyanyuka, alikuwa amesema jina la mtoto wake limechafuliwa ndani ya nyumba hii na litasafishwa ndani ya nyumba hii, na alikuwa amekaa peke yake kwenye sakafu tupu, maana mkeka umeshakunjwa, wale wazee wengine wako nje wanavaa viatu.

Nikabisha hodi. Mchumba hakanyagi kwenye posa yake, kila mtu pale alilijua hilo, na waliponiona nimesimama mlangoni hakuna aliyesema karibu. Nikasema shikamooni. Mzee Rajabu peke yake akaitikia.

"Naomba nizungumze, mzee," nilisema. "Hiyo simu iliyokuwa inalia ni mimi."

"Wewe ndiye uliyekuwa unalia?" aliuliza Bi Mwajuma.

Nikaeleza. Nilianza na ruta, nikaona nyuso zinafunga, nikaingia kwenye pasiwedi, zikafunga zaidi, mwisho nikasema kuna mashine ya kazini ambayo ikibipiwa inapiga simu, na ilitakiwa ipige Handeni, ikapiga hapa, kwa sababu namba ya hapa niliiandika mimi. Mzee Rajabu ni mtu mtulivu, akauliza swali moja tu, lile nililokuwa naliogopa kuliko yote.

"Namba ya duka langu uliiandika kwenye mashine ya kazini kwa nini?"

Jamani, ningeweza kudanganya. Ningesema nilikosea tarakimu moja, na nani angejua? Lakini mjomba alikuwa ananitazama pale sakafuni, amekaa kunitetea bila kujua ananitetea kwa lipi, nikashindwa.

"Ilikuwa na kispika, mzee. Nilitaka kumsikia Mwanaidi akisema haloo."

Nyuma ya pazia la chumbani mtu akacheka, kidogo tu, akajizuia. Bi Mwajuma akasema nyamaza humo. Mimi sakafu ile niliitazama mpaka nikaijua kila ufa wake.

"Na alipokuambia haloo," Mzee Rajabu akaendelea, "ulimjibu nini?"

"Sikumjibu kitu, mzee. Ilikuwa inajibu mashine."

Akatikisa kichwa pole pole. "Mtoto wangu anakaa pale siku nzima anasema haloo kwa mashine. Aliniambia simu imeharibika, nikaita fundi wa simu akapanda hadi kwenye nguzo." Akamgeukia mjomba, na hapo ndipo mjomba aliponyanyuka kutoka sakafuni. "Ndugu yangu, nyie maneno yenu tumeyasikia, mara nyingi kuliko posa yoyote iliyowahi kuingia humu. Kijana wenu anasema kwao kuna kubipu. Haya, mmebipu. Kateni, mwende nyumbani. Sisi tukiamua tutapiga wenyewe."

Nje, mjomba hakunigombeza. Alisema tu kwamba jibu la posa hata siku nzuri halitolewi papo hapo, kwa hiyo tusubiri, halafu akasema miguu yake imekufa ganzi.

Nilirekebisha namba, nikahifadhi, nikazima ruta nikaiwasha nikahakikisha imekumbuka, nikahifadhi tena kwa hasira. Kisha ndipo nikang'amua jambo lingine. Namba ambayo mjomba alimwachia Mzee Rajabu ni ya ofisini kwetu, laini ile ile ya ruta, na modemu ilikuwa inapokea kabla mtu hajanyoosha mkono. Akipiga kutoa jibu atakutana na mashine ile ile. Nilikaa na wazo hilo kwa siku kadhaa, kila laini ikiita naruka, modemu inaniwahi, mpaka asubuhi moja nikashindwa, nikachomoa waya wa modemu nikachomeka simu ya mtu, nikakaa karibu nayo. Mchana Handeni wakabipu, nikapokea, ni piii, nikaweka chini, hawakupigiwa. Wakabipu tena. Meneja akatoka ofisini kwake na suti yake, ukumbi umejaa wakulima wanaosubiri malipo, akanikuta nimekaa na simu mapajani.

"Bakari, Handeni wako wapi?"

Nikamwambia nimewachomoa. Akaniuliza kwa sababu gani, na hapo hapo nikaona watu mlangoni wanapisha, akaingia Mzee Rajabu, ameshika baiskeli yake kwa mkono mmoja, hakutaka kuiacha nje. Akasalimia watu wote. Nikanyanyuka na simu yangu mkononi.

"Nilipiga hapa juzi," alisema. "Ikanililia sikioni. Nikasema hapana, neno la mtoto wangu sitalipitisha kwenye kitu hicho, nitakuja kwa miguu yangu. Dada yangu alikuwa hataki, nisikufiche. Mwanaidi mwenyewe ndiye aliyemwambia kwamba mwanamume aliyekuja mwenyewe mlangoni kujiaibisha mbele ya shangazi hatamficha jambo tena. Umekubaliwa."

Meneja akauliza amekubaliwa nini. Felista, ambaye mchezo ule aliusikiliza kwa vipande na ukakatwa kabla ya mwisho, alikuwa ameshaanza kulia kwa kucheka, na ndiye aliyewaeleza watu wote pale tangu mwanzo, na wakulima waliokuwapo Jumamosi ile wakamsaidia pale aliposahau. Nilitamani niingie ndani ya ruta. Meneja alisikiliza hadi mwisho, akanipa mkono akasema hongera sana, halafu akasema, "Sasa rudisha waya."

Nikarudisha. Nikachomeka kwanza kwenye tundu lisilo lake, nikachomoa, nikachomeka tena, na Mzee Rajabu akanisubiri hadi nimalize ndipo akaondoka na baiskeli yake.

Ufundi nimeuendeleza, na kwenye mashine nimeshakosea mara nyingi tu tangu siku ile, hiyo ndiyo kazi. Lakini lile swali la mzee, ulimjibu nini, limenikaa. Nimejiapia kwamba sitapiga simu ya mtu yeyote kama sina la kumwambia, na mtu akiniambia haloo nitaitika mimi mwenyewe, hata kama nitakumbuka vifungo tu.